Hisa ni za Nani, Mizani ni ya Nani

Serikali ya kwanza kununua hisa za mgodi mkubwa Shinyanga haikuwa ya TANU. Ilikuwa ya kikoloni. Dakta John Williamson, mjiolojia wa Kanada aliyegundua almasi za Mwadui mwaka 1940, alifariki Januari 1958 bila mke wala mtoto, na warithi wake wakauza mgodi mwaka huohuo. Nusu ilikwenda kwa De Beers, nusu ikachukuliwa na serikali ya Tanganyika, wakati London ikiongozwa na chama cha Conservative cha Harold Macmillan, watu ambao hakuna aliyewahi kuwaita wajamaa. Azimio la Arusha lilikuwa bado miaka 9 mbele.

Jambo hilo huwa halitajwi sana, labda kwa sababu linaharibu mpangilio tuliozoea darasani. Tulifundishwa kwamba mjamaa hutaifisha, mliberali huliachia soko, msoshalidemokrasia huacha kampuni ifanye kazi kisha akatoza kodi nzito, na mzalendo hutanguliza bendera halafu akatafuta hesabu. Mpangilio huo hausaidii sana anayetazama dunia ilivyo. Nchini Chile, Salvador Allende alitaifisha shaba mwaka 1971. Jenerali Pinochet alimpindua na kubinafsisha karibu kila alichokikuta, lakini migodi mikubwa ya shaba aliibakiza serikalini, akaiundia shirika la Codelco mwaka 1976. Kongo, Mobutu, kipenzi cha nchi za Magharibi na adui wa wakomunisti, aliitaifisha Union Minière Januari 1967, wiki chache tu kabla Mwalimu Nyerere hajatangaza ujamaa Arusha.

Ukanda unaoanzia Mwadui, ukapita Kahama hadi Geita, ni mahali pazuri pa kuzipima itikadi hizo, kwa sababu umeonja karibu zote ndani ya umri wa mtu mmoja. Mzee aliyezaliwa Maganzo mwaka mgodi ulipoanza ameshuhudia mmiliki mmoja wa kigeni, ubia wa mkoloni na De Beers, dola ikimiliki peke yake, De Beers wakirudi, Petra Diamonds wakiingia, na sheria mpya za 2017 zikirudisha mkono wa serikali. Katika mabadiliko yote hayo ugomvi umekuwa juu ya hisa. Maswali mawili yaliyoamua nani anatajirika yaliulizwa kwa nadra: nani anapima kinachotoka ardhini, na nani anakiuza.

*

Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967, na siku iliyofuata benki zikataifishwa. Madini yalikuwemo katika orodha ya njia kuu za uchumi ambazo Azimio lilitaka ziwe chini ya wakulima na wafanyakazi, kupitia serikali yao na vyama vyao vya ushirika. Hoja ya msingi ilikuwa ya kimaadili kabla ya kuwa ya kifedha: mtu asiishi kwa jasho la mwenzake, na utajiri uliolala ardhini kabla ya sisi sote hauwezi kuwa mali ya aliyewahi kufika na ramani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mwadui ikawa ya dola moja kwa moja. Mwaka 1972 likaundwa Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, kusimamia hisa za umma na kutafuta madini mapya.

Dhahabu haikuwa na cha kutaifishwa. Mgodi wa Geita uliofanya kazi tangu miaka ya 1930 ulikuwa umefungwa mwaka 1966. Bei ya dhahabu duniani wakati ule ilikuwa imebanwa kwenye dola 35 kwa wakia, na uchimbaji wa chini ya ardhi kwa bei hiyo ulikuwa hasara tupu. Ujamaa uliipokea Geita ikiwa mashimo yaliyojaa maji na mitambo yenye kutu. STAMICO ilijaribu baadaye katika mgodi wa Buckreef, upande wa Lwamgasa, uliofanya kazi miaka ya 1980 kisha ukasimama. Kwa miaka yote ya chama kimoja, kiasi kikubwa cha dhahabu ya ukanda huu kilichimbwa na watu wenye sururu na tochi ambao sheria haikuwatambua, na ikasafiri kimyakimya kuelekea Nairobi na Bujumbura, kwa sababu bei rasmi ya serikali ilikuwa dhihaka ukilinganisha na ya mtaani.

Mwadui ilikuwa habari nyingine. Ule ulikuwa mji kamili ndani ya uzio: shule, hospitali, uwanja wa ndege, nyumba za wafanyakazi zilizopangwa kwa vyeo, na geti ambalo mgeni hapiti bila kibali. Serikali ilipoingia, uzio ulibaki, na geti lilibaki. Uzalishaji, ambao katika miaka ya 1960 ulihesabiwa kwa mamia ya maelfu ya karati kwa mwaka, ulishuka kadiri mwamba ulivyopungua utajiri, mitambo ilivyochakaa, na fedha za kigeni za kununulia vipuri zilivyokauka baada ya vita vya Kagera.

Wapinzani wa ujamaa hupenda kuishia hapo: serikali haijui kuendesha mgodi, basi. Ukosoaji mkali zaidi ulitoka kushoto. Issa Shivji, akiwa kijana wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alisema tangu mwaka 1970 kwamba kutaifisha peke yake hakumpi mfanyakazi chochote. Kunahamisha funguo kutoka kwa bwana wa zamani kwenda kwa tabaka jipya la warasimu wanaoketi ofisini kwa jina la umma. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulikiri tatizo hilo kwa namna yake, ulipokemea viongozi wenye majivuno na unyapara. Wafanyakazi wa viwandani waliusoma kwa makini, wakaanza kugoma wakiwa na kijitabu hicho mkononi, na serikali iliyokiandika ikawakandamiza.

Kuna jambo la tatu ambalo wala kulia wala kushoto hawakulisisitiza vya kutosha. Almasi za dunia wakati ule zilipitia mlango mmoja, mfumo wa mauzo wa De Beers kule London. Bei, madaraja ya mawe na kiasi cha kuachiwa sokoni viliamuliwa huko. Nchi ingeweza kumiliki shimo, mitambo, geti na askari wa getini, lakini thamani ya kilichotoka shimoni ilisomwa na jicho la mtu mwingine. Botswana ililielewa hilo na ikaenda taratibu: ilianza na hisa chache katika kampuni iliyoundwa na De Beers mwaka 1969, ikapanda hadi nusu kwa nusu katikati ya miaka ya 1970, kisha ikatumia miongo kujadiliana jambo gumu kuliko hisa, yaani mawe yapangwe madaraja wapi na yauzwe na nani, mpaka kazi hiyo ikahamia Gaborone. Sera yao haikuwa na jina la kupendeza. Ilikuwa na wanasheria na wathamini.

*

Itikadi moja ya Usukumani haikutoka kwenye vitabu vya Ulaya wala ofisi za Dar es Salaam. Mwaka 1955 wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa, wakiongozwa na Paul Bomani, waliunganisha vyama vyao katika shirikisho la Victoria Federation. Chanzo chake kinastahili kukumbukwa hapa: wakulima walichoka kuibiwa kwenye mizani za wanunuzi. Walianza kwa kupima wenyewe, wakaenda kuuza wenyewe, wakafika kumiliki vinu vya kuchambulia pamba. Kabla ya uhuru lilikuwa miongoni mwa mashirika makubwa kabisa ya ushirika yanayomilikiwa na Waafrika barani.

Huu ulikuwa udhibiti wa umma juu ya kiwanda bila dola kuwa mmiliki. Anayesoma Azimio angetarajia serikali ya wajamaa iulinde ushirika huo kama mboni ya jicho. Badala yake, mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika na kuyapa mashirika ya umma kazi zao. Miaka ya 1980 serikali iliona kosa, ikavirudisha, na Shinyanga ikapata chama kikuu cha SHIRECU, lakini vikiwa vimedhoofika, vina madeni, na viongozi waliozoea kusubiri maelekezo. Soko la pamba lilipofunguliwa mwaka 1994, wafanyabiashara binafsi walivikuta havina nguvu ya kushindana. Kwa hiyo dola iliyojiita ya wakulima ilivunja chombo cha wakulima, na soko lililokuja baadaye lilimalizia. Hili, kuliko Mwadui, ndilo doa kubwa la ujamaa katika ukanda huu, na haliwezi kusingiziwa mabepari.

*

Mwaka 1986 serikali ya Mzee Mwinyi ilitia saini makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa, na miaka iliyofuata ikawa ya kurudi nyuma hatua kwa hatua. Benki Kuu ilipoanza kununua dhahabu kwa bei inayokaribia ya mtaani mwaka 1990, dhahabu iliyokuwa haionekani ikaonekana ghafla kwenye vitabu. Hakuna kilichotaifishwa wala kubinafsishwa. Bei tu ndiyo ilibadilika.

Uliberali uliokuja baadaye haukufuata somo hilo. Ulifuata lingine, lililoandikwa kwa msaada mkubwa wa Benki ya Dunia: nchi maskini isiyo na mtaji wala utaalamu iache kuchimba, ikodishe, itoze kidogo ili wawekezaji wengi waje. Mwaka 1994 De Beers walirudi Mwadui na asilimia 75, serikali ikabaki na 25. Sheria ya Madini ya 1998 iliruhusu mgeni kumiliki mgodi wote, ikaweka mrabaha wa dhahabu kuwa asilimia 3, na ikampa mwekezaji nafuu za kodi zilizomwezesha kurudisha mtaji wake wote kabla ya kulipa kodi ya mapato. Kwa mantiki yake sheria ile ilifanikiwa. Geita ilifunguliwa upya mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001, Buzwagi mwaka 2009. Kuchimba Bulyanhulu, zaidi ya kilomita moja chini ya ardhi, si kazi ambayo STAMICO ya wakati ule ingeithubutu, na anayebisha hilo anabishana na mwamba.

Lakini nadharia ya soko huria inasema dola ijiondoe, na huko Bulyanhulu dola haikujiondoa hata kidogo. Maelfu ya wachimbaji wadogo walikuwa wameliingia eneo hilo miaka kadhaa kabla, wakajenga makazi na maduka, wakachimba. Leseni alipewa mwingine, kampuni iliyomilikiwa na Sutton Resources ya Kanada, na mwishoni mwa Julai na mwanzoni mwa Agosti 1996 vyombo vya dola viliwaondoa wachimbaji wale. Yalitolewa madai kwamba watu zaidi ya 50 walifukiwa wakiwa hai mashimoni. Serikali na kampuni walikana, na mwaka 2002 ofisi ya kushughulikia malalamiko ya Kundi la Benki ya Dunia ilisema haikuona ushahidi wa madai hayo. Tundu Lissu, wakati huo mwanasheria wa mazingira wa shirika la LEAT, alilibeba suala hilo kwa miaka. Lililo wazi na lisilobishaniwa ni kuondolewa kwenyewe. Soko la mwekezaji lilisafishiwa uwanja na mkono wa serikali, na Barrick waliponunua mradi huo mwaka 1999 walikuta eneo tupu.

Halmashauri za ukanda nazo zilionja uliberali kwa njia yao. Ushuru wa huduma kisheria ulikuwa asilimia 0.3 ya mauzo. Mikataba ya migodi mikubwa iliugeuza kuwa kiasi kisichobadilika cha dola 200,000 kwa mwaka, dhahabu ipande isipande. Dhahabu ilipanda kutoka chini ya dola 300 kwa wakia hadi zaidi ya 1,500, na diwani wa Geita aliendelea kupokea kiasi kilekile mpaka utaratibu ulipobadilishwa katikati ya muongo uliopita.

*

Kilichoivunja kambi ya uliberali kilikuwa saini moja. Februari 2007, waziri Nazir Karamagi alisaini mkataba wa Buzwagi akiwa London. Zitto Kabwe, mbunge kijana wa Chadema, aliuliza bungeni kwa nini London na kwa nini haraka, akasimamishwa ubunge kwa miezi, na akatoka humo akiwa maarufu kuliko alivyoingia. Novemba mwaka huo Rais Kikwete aliunda kamati ya kupitia sekta ya madini, akamweka Zitto mwenyewe kuwa mjumbe na Jaji Mark Bomani kuwa mwenyekiti. Jaji Bomani alikuwa mdogo wake Paul Bomani wa ushirika wa pamba. Kaka aliwakusanya Wasukuma kwa sababu ya mizani, na nusu karne baadaye mdogo mtu akapewa kazi ya kuchunguza mizani nyingine.

Hapa ndipo msomaji anayependa itikadi zikae kwenye visanduku vyake atachanganyikiwa kabisa. CCM, chama chenye ujamaa na kujitegemea katika katiba yake, ndicho kilichopitisha sheria ya 1998 iliyo ya kiliberali kuliko nyingi barani. Chadema, kilichoasisiwa na Edwin Mtei, aliyejiuzulu Wizara ya Fedha mwaka 1979 kwa sababu alitaka makubaliano na IMF wakati Nyerere hakuyataka, ndicho kilichopiga kelele kubwa dhidi ya kampuni za kigeni. Baadaye Zitto alihamia ACT-Wazalendo, chama kilichotoa Azimio la Tabora mwaka 2015 kuhuisha misingi ya Arusha. Na Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977, ambayo vyama vyote hivyo vinaapa kuilinda, bado inasema lengo la nchi ni kujenga taifa la ujamaa na kujitegemea. Imekuwa ikisema hivyo katika kila mkataba uliosainiwa.

Sheria mpya ya 2010 ilipandisha mrabaha wa dhahabu hadi asilimia 4 na kuukokotoa kwa thamani ghafi. Ilikuwa hatua ya kisoshalidemokrasia ya aina ya Norway, ingawa Norway iliisindikiza na jambo ambalo Dodoma haikuwa nalo: watumishi wa umma wenye ujuzi wa kukaa meza moja na wahasibu wa kampuni na kuwakamata wanapoficha.

*

Pengo hilo ndilo lililolipuka mwaka 2017. Machi mwaka huo Rais Magufuli, mzaliwa wa Chato, wilaya iliyo ndani ya mkoa mpya wa Geita, alizuia usafirishaji wa makinikia, mchanga wenye shaba na dhahabu uliotoka Bulyanhulu na Buzwagi kwenda kuyeyushwa nje. Makontena 277 yalizuiwa Dar es Salaam. Kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma iliripoti Mei kwamba dhahabu iliyomo ilikuwa mara nyingi ya iliyotangazwa, na waziri Sospeter Muhongo akapoteza kazi siku hiyohiyo. Kamati ya Profesa Nehemiah Osoro ikafuata Juni na hesabu za kiuchumi. Julai, Acacia, kampuni tanzu ya Barrick, ikaletewa dai la kodi na adhabu la dola bilioni 190, zaidi ya mara tatu ya pato zima la taifa kwa mwaka.

Namba ile haikuwa ya kulipwa, na pande zote mbili zilijua. Ilikuwa namba ya kufungulia mazungumzo. Hata hivyo sababu iliyofanya iaminike mitaani ni kwamba kwa miaka 15 hakuna aliyeweza kuwaambia watu wa Kahama kwa uhakika nini kilikuwamo ndani ya makontena yale. Kampuni ilisema, serikali ilikubali, na mwananchi aliona lori tu likipita.

Sheria tatu zilipitishwa kwa haraka mwaka huo. Serikali ipate hisa zisizopungua asilimia 16 katika kila mgodi mkubwa, bila kuzilipia na bila kupunguzwa mtaji unapoongezwa. Mrabaha wa dhahabu upande hadi asilimia 6, na asilimia 1 ya ukaguzi juu yake. Bunge lipewe uwezo wa kuagiza mikataba yenye masharti hasi ijadiliwe upya. Umiliki wa rasilimali utamkwe kuwa wa wananchi, chini ya dhamana ya Rais. Huu haukuwa ujamaa wa 1967, kwa kuwa hakuna mgodi uliotaifishwa. Ulikuwa uzalendo wa rasilimali: mwekezaji abaki, lakini ajue yuko nyumbani kwa nani.

Makubaliano yaliyosainiwa Januari 2020 yalizaa Twiga Minerals, asilimia 84 za Barrick na 16 za serikali, malipo ya dola milioni 300 kumaliza mgogoro, na ahadi ya kugawana faida za kiuchumi nusu kwa nusu, kodi na mrabaha vikihesabiwa ndani. Ukitazama bilioni 190 na milioni 300 unaweza kucheka. Anayecheka akumbuke kwamba kabla ya hapo serikali haikuwa na hisa hata moja Bulyanhulu wala kiti kwenye bodi inayoona vitabu. Kiti hicho kina thamani kuliko gawio, mradi anayekikalia anajua kusoma mizania.

Uzalendo huo ulikuwa na bili yake. Lissu, ambaye safari hii alikuwa bungeni, alionya kwamba mikataba ya kimataifa ya kulinda uwekezaji ingeifikisha nchi mahakamani. Alidhihakiwa kuwa anatetea wezi. Leseni za kuhodhi maeneo zilipofutwa, kampuni za kigeni zilikwenda kwenye usuluhishi. Winshear ya Kanada ilimaliza kwa kulipwa dola milioni 30, na Indiana Resources ya Australia, baada ya kushinda tuzo ya zaidi ya dola milioni 109 mwaka 2023, ikakubali kulipwa milioni 90. Fedha hizo ni za walipa kodi haohao waliopiga makofi. Na mgodi mkubwa kabisa wa ukanda, Geita, ulikuwa na mkataba wake wa 1999. AngloGold Ashanti walifungua usuluhishi Julai 2017 kuulinda, na kishindo kilichoitikisa Acacia hakikuwafikia kwa nguvu ileile.

*

Ubia wa Mwadui unaonyesha kwamba hisa za serikali hazimlindi jirani wa mgodi. Petra Diamonds walipomiliki asilimia 75, serikali ilikuwa mbia kwa asilimia 25. Ni katika kipindi hicho watu wa vijiji vinavyozunguka mgodi, wakiwemo wale wanaoitwa wabeshi, wanaoingia kwenye eneo kutafuta mawe katika mabaki, walidai kupigwa, kufungiwa na hata kupigwa risasi na walinzi. Mei 2021 Petra ilimalizana na wadai 71 waliofungua shauri Uingereza, kwa malipo yaliyofikia pauni milioni 4.3 bila kukiri kuwajibika kisheria. Desemba mwaka huohuo hisa za serikali zilipandishwa hadi 37. Novemba 2022 ukingo wa bwawa la majitope ukabomoka na matope yakaingia mashambani. Mbia mwenye hisa, mtoa leseni, mkaguzi wa mabwawa na mkuu wa polisi wote walikuwa mtu mmoja, na mtu huyo anaitwa Serikali. Waliberali wanaposema mwamuzi asicheze mpira, hapa wana hoja, hata kama wao wenyewe hawakuizingatia Bulyanhulu.

Mchimbaji mdogo ana mfumo wake, ambao haukuandikwa katika ilani ya chama chochote. Duara moja, yaani shimo la wachimbaji, la Lwamgasa au Nyarugusu lina mwenye leseni, mwenye duara aliyeweka fedha za matimba, kamba na chakula, na wachimbaji wanaoshuka. Hakuna mshahara. Mawe yakitoka hugawanywa kwa viroba: mwenye leseni anachukua fungu lake, mara nyingi karibu theluthi, gharama zinatolewa, kilichobaki wanagawana mwenye duara na wenye nguvu zao. Kila mmoja anapeleka viroba vyake karashani kusaga, kisha mwaloni kuosha kwa zebaki. Na hapo pana mtego ambao mgeni haoni: zebaki hukamata sehemu tu ya dhahabu, inayobaki hukaa kwenye marudio, na marudio mara nyingi ni ya mwenye karasha au mwalo, ambaye huyauza kwa mwenye mtambo wa kuchenjua kwa sianidi. Aliyeshuka shimoni anaondoka na kipande, aliyesubiri juu anaondoka na mengine. Shivji angepata sura nzima hapo. Milton Friedman naye angepata, ya kusifu.

Kwa miongo dola ilimtendea mtu huyu namna ileile, iwe ya mkoloni, ya ujamaa au ya soko: alikuwa mvamizi au mlanguzi. Badiliko lilikuja kwa sababu za kifedha kuliko za kiitikadi. Januari 2019 Magufuli aliwaita wachimbaji Dar es Salaam, wakamweleza kodi zinazowafanya watoroshe, na serikali ikafuta kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5 kwao. Machi soko la madini likafunguliwa Geita, la kwanza la aina yake, na mengine yakafuata Kahama na kwingineko. Ndani ya jengo moja yupo mnunuzi mwenye leseni, yupo mtumishi wa Tume ya Madini, upo mzani na mashine ya kupimia ubora. Muuzaji anaona gramu zake na ubora wake vikisomwa mbele ya macho yake. Makato yalikuwa mrabaha asilimia 6, ukaguzi 1, na 0.3 ya halmashauri. Serikali haikumiliki hata duara moja, na mapato yakapanda. Miaka ya karibuni Wizara ya Madini imekuwa ikitaja mchango wa wachimbaji wadogo kuwa kama asilimia 40 ya makusanyo ya sekta.

STAMICO pia iligeuka. Shirika lililoundwa kuendesha migodi leo linahangaika na mitambo ya uchorongaji ya kukodisha kwa wachimbaji wadogo na vituo vya mfano vya uchenjuaji, kama vile Lwamgasa na Katente, huku likibaki na asilimia 45 za Buckreef, ambayo TRX Gold ya Kanada inashikilia 55.

Hata magwangala yana siasa. Ni mawe ya mabaki ambayo mgodi mkubwa wa Geita unayatupa kwa kuwa dhahabu iliyomo ni kidogo mno kwa mitambo yake, lakini si kidogo kwa kijana mwenye nyundo. Mwaka 2016 Magufuli aliagiza vijana wapewe. Sheria ilikuwa kimya juu ya nani anamiliki taka za mwekezaji, mazingira yalikuwa na masharti yake, na utekelezaji ukawa wa kusuasua.

Hatua ya sasa ya dola ni ya ununuzi. Kiwanda cha kusafisha dhahabu cha Mwanza, ambacho STAMICO ina robo ya hisa, kilizinduliwa na Rais Samia Juni 2021, na Geita ikapata cha kwake. Viwanda vilijengwa kwanza, sheria ya kuvilisha ikaja baadaye: tangu 1 Oktoba 2024, anayesafirisha dhahabu nje anatakiwa kutenga angalau asilimia 20 isafishwe na kuuzwa nchini, Benki Kuu ikiwa mnunuzi mkuu wa kujaza akiba ya taifa. Mliberali ataiita amri dhidi ya soko. Mjamaa atalalamika kwamba asilimia 80 bado zinaondoka. Kwa nchi yenye migodi ya Geita na Kahama hoja ni nyingine: kila gramu ya zile 20 sasa inapimwa, inasafishwa na kuthaminiwa na Mtanzania kwanza, na matokeo yake yanaweza kulinganishwa na yale ya maabara ya nje. Iwapo namba mbili hizo hazitalingana, serikali itakuwa na ushahidi ambao mwaka 2017 ililazimika kuutafuta kwenye makontena bandarini.